Sumukuvu kwenye chakula cha kuku wa nyama: uchambue mahindi, uweke udongo, uweke hamira au ununue cha kiwandani?

Kuku wa nyama huishi wiki tano au sita tu, na katika muda huo kila mmoja hula kilo tatu na nusu hadi nne za chakula. Hana nafasi ya kuugua halafu akapona. Ini likiguswa na sumu wiki ya pili, mizani itakuambia wiki ya tano: kundi halilingani, wengine wakubwa wengine kama njiwa, miguu imepauka, na siku ya kuchinja unakuta michubuko ya damu kwenye nyama na ini lililovimba, la njano, linalomeguka kwa kidole. Mara nyingi lawama humwangukia aliyeuza vifaranga, au chanjo ya Gumboro inaambiwa ni feki. Kumbe kinga ya kuku ilikuwa imeshashushwa na kilichomo kwenye kihori.

Sumukuvu, yaani sumu zinazotolewa na kuvu, ni jina la ukoo mzima. Aflatoksini, inayotolewa na kuvu aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ndiyo inayotajwa zaidi, na haijatajwa bure: mwaka 1960 iliua bata mzinga zaidi ya 100,000 Uingereza kupitia mashudu ya karanga, mwaka 2004 ikaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini kwenye gunia hilohilo la mahindi huweza kuwamo pia fumonisini, okratoksini na T-2. Hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, maana hakuna kitu kimoja cha kuweka kwenye chakula kinachozikamata zote.

Wala joto halisaidii. Mashine ya kutengeneza chakula cha punje hufikia nyuzi 75 hadi 85, na aflatoksini hupita humo salama salmini. Kuvu hufa, sumu iliyokwisha kutolewa hubaki.

Tunalinganisha kwa lipi

Njia nne zitapimwa kwa maswali yaleyale: inazuia sumu ipi, kazi na kipimo chake ni kipi, inagharimu nini, inakwama wapi, na inamfaa nani. Kwenye gharama, hesabu kwa tani ya chakula kilichokamilika, usihesabu kwa kilo ya dawa. Bidhaa inayowekwa kilo 1 kwa tani inaweza kuuzwa mara mbili na nusu ya bei ya ile inayowekwa kilo 2.5, na bado mfuko wako ukatoa pesa ileile.

Uwe na namba moja kichwani: 20. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haitaki mahindi ya kulishia kuku wachanga yazidi mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo. Kwa mahindi ya kula watu, kiwango cha Afrika Mashariki ni 10. Sasa piga hesabu ya mchanganyiko. Tuseme mahindi ni asilimia 60 ya chakula chako na yana 30. Hapo yameshaingiza 18. Mashudu ya alizeti ni asilimia 10 na yana 40, yanaongeza 4. Umefika 22 kabla hujagusa pumba wala dagaa. Ndiyo maana kulaumu mahindi peke yake ni kujidanganya. Mashudu ya karanga na ya pamba hasa yanastahili kutazamwa kwa jicho kali.

Dawa ya ukungu si kifungasumu

Hili linawagharimu watu kila msimu. Madukani kuna mifuko miwili inayofanana, yote ina picha ya kuku. Mmoja ni asidi ya kuzuia ukungu, kwa kawaida propioniki au chumvi yake ya kalisi, kilo 1 hadi 3 kwa tani. Kazi yake ni kuzuia kuvu isiote kwenye chakula kinachokaa stoo. Sumu iliyokwishaingia haigusi hata kidogo. Mwingine ni kifungasumu, ambacho wauzaji wengi huita "bainda". Hiki hakizuii kuvu kuota. Kinaikamata sumu tumboni mwa kuku ili itoke na kinyesi. Soma viambato nyuma ya mfuko, usisome jina la mbele. Asidi haimo katika ulinganisho huu kwa sababu ni msaidizi wa njia zote nne, haichukui nafasi ya hata moja.

Njia ya kwanza: kuzuia kwenye mahindi yenyewe

*Sumu ipi.* Zote. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne isiyochagua aina, kwa sababu unachotoa ni punje yenye kuvu, na punje hiyo hutoka na chochote kilichomo. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Hujikusanya kwenye punje chache, zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi au dumuzi, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya mzigo.

*Kazi na kipimo.* Unyevu kwanza. Lengo ni asilimia 13, usivuke 13.5. Anika juu ya turubai, si ardhini, unene usiozidi sentimita 5, geuza kila saa moja, funika kabla umande haujashuka. Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia kijiko kimoja cha chumvi kavu na mahindi yafikie kama theluthi, funga, tikisa, acha dakika 10. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi 15. Isipoganda, jua tu kwamba uko chini ya 15, na 15 bado ni juu mno kwa kuhifadhi. Rudisha juani siku moja zaidi.

Kisha chekecha kuondoa vipande na vumbi, pepeta, halafu chambua kwa mkono. Punje iliyovunjika ni mlango uliofunguliwa, kwa hiyo mahindi yaliyopukuchuliwa kwa kupigwa fimbo ndani ya gunia yanahitaji chekeche zaidi ya yale ya mashine nzuri au ya mkono. Mahindi yasagwe wiki unayoyatumia. Yakishakuwa unga, hakuna tena cha kuchambua.

Kupima ni sehemu ya kazi hii. Vipo vipimo vya ukanda vinavyosoma namba hapohapo, na maabara kama za TVLA, wakala wa maabara za mifugo Tanzania, hupima vyakula vya mifugo. Kosa huwa kwenye kuchukua sampuli. Ukichoma bambo kwenye gunia moja mahali pamoja unaweza kupata 3, sentimita 30 pembeni pana 200. Choma kila gunia, juu, katikati na chini, ukusanye kilo 5, saga zote, changanya, ndipo uchukue kidogo cha kupima. Tochi zile za mwanga wa zambarau zinazouzwa kama "kipima aflatoksini" huonyesha mng'ao wa kitu kingine ambacho kuvu hutoa, sumu yenyewe hazioni. Zinaweza kukutisha bure, au kukutuliza bure.

*Gharama.* Ni nguvu kazi na uzito unaopotea. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13, hubaki kilo 94 na ushee. Kilo karibu 6 ulizolipia zilikuwa maji, na hilo unatakiwa uliseme wakati wa kupatana bei, si baada ya kushusha mzigo. Juu ya hapo weka ulizotupa kwenye kuchambua.

*Panapokwama.* Mwaka wa ukame, kuvu huingia mhindi ukiwa bado shambani, na punje nyingi zenye sumu huonekana safi kabisa. Jicho halitoshi hapo. Na zile ulizochambua usimpe bata, ambaye ni dhaifu kuliko kuku kwa sumu hii, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa itatokea kwenye maziwa. Zifukie au zichome.

*Inamfaa nani.* Anayechanganya chakula mwenyewe, ananunua mahindi msimu wa mavuno na ana mahali pa kuanika. Anayelima mwenyewe anaweza kuanzia nyuma zaidi: Aflasafe, punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile wasiotoa sumu, hutupwa shambani kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa maua, nao wakanyang'anya nafasi wale wabaya.

Njia ya pili: kifungasumu cha udongo

*Sumu ipi.* Aflatoksini, na kwa hiyo hufanya kazi vizuri kweli. Udongo wa bentonaiti na jamaa zake una tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, na molekuli ya aflatoksini ni bapa, huteleza katikati ya kurasa ikabanwa. Fumonisini, okratoksini na T-2 hazikai humo sawasawa. Muuzaji akikuambia udongo wake unafunga kila kitu, mwombe karatasi ya maabara ya kila sumu moja moja.

*Kazi na kipimo.* Kilo 2.5 hadi 5 kwa tani, yaani gramu 125 hadi 250 kwa mfuko wa kilo 50. Kiasi hicho ni kidogo, na kukitupa juu ya rundo kisha kuligeuza kwa sepetu ni kazi bure: kuku mmoja atakula udongo, mwingine sumu. Panda kwa ngazi. Changanya gramu 125 na kilo 1 ya pumba kwenye beseni mpaka rangi iwe moja. Mimina hiyo kwenye kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, geuza tena. Ndipo uimwage kwenye kilo 44 zilizobaki na ugeuze rundo lote mara tano au sita, ukilihamisha kutoka upande hadi upande, si kulizungusha palepale. Mashine ya ngoma ikiwepo, weka udongo ngoma ikiwa nusu, usiweke mwanzo ukagandamana chini.

Kwa kundi la kuku 500 wanaokula kilo 3.5 kila mmoja, chakula ni kilo 1,750, sawa na mifuko 35. Udongo utakaohitaji ni kilo 4.4 kwa kipimo cha chini, 8.75 kwa cha juu.

*Gharama.* Kwa kawaida ndiyo nafuu zaidi kwa tani kati ya vifungasumu.

*Panapokwama.* Udongo ukizidi hufunga visivyohusika. Umoja wa Ulaya, ulioruhusu bentonaiti kwa kazi hii mwaka 2013, umeweka kikomo cha kilo 20 kwa tani. Lakini pia umekataza isitumike pamoja na robenidini, na kwa dawa nyingine za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, umekataza ipite kilo 5 kwa tani. Antibiotiki za kundi la makrolaidi, kama tailosini, nazo zisipewe pamoja nao kwa mdomo. Ukisikia kuku wanaharisha damu ingawa chakula kina dawa ya koksidia, kagua kwanza kama aliyechanganya hakuongeza udongo "kwa usalama zaidi".

Usafi wa udongo ni swali jingine. Mwaka 1997 udongo wa kuchimbwa huko Mississippi, Marekani, uliowekwa kwenye chakula cha mifugo, uliingiza dioksini, kemikali yenye sumu, kwenye kuku na samaki. Nunua wenye cheti cha dioksini na risasi. Na kwa wale wanaouliza kuhusu udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa wajawazito: mwingi ni wa jamii ya kaolini, ambayo kurasa zake hazifunguki. Hautafunga kitu. Mkaa wa jikoni uliotwangwa nao uacheni jikoni.

Halafu kuna hili la maabara. Chakula kikishachanganywa udongo, kupima aflatoksini hakukuambii kama udongo unafanya kazi, kwa sababu kazi yake inafanyika tumboni na dawa za maabara zinaweza kuinyofoa sumu tena. Pima mahindi kabla.

*Inamfaa nani.* Anayechanganya mwenyewe, mahindi yake yametoka ukanda wa joto na ukame, na namba zake ziko juu kidogo ya 20 au zinachezacheza hapo. Mahindi yenye 200 hayaokolewi na udongo. Hata sumu ikifungwa yote, kuvu imeshakula mafuta na vitamini zilizokuwamo, na kuku hawatakua.

Njia ya tatu: ukuta wa hamira, na vimeng'enya

*Sumu ipi.* Ukuta wa seli za hamira hushika aina nyingi zaidi kuliko udongo, lakini kila moja kwa nguvu ndogo, na matokeo hutofautiana sana kati ya bidhaa na bidhaa. Vimeng'enya ni kitu kingine: havishiki, vinaivunja sumu. Kipo cha fumonisini kinachojulikana na kilichoidhinishwa Ulaya. Kila kimeng'enya kina sumu yake, kwa hiyo jina la sumu lazima liandikwe kwenye mfuko.

*Kazi na kipimo.* Kilo nusu hadi 2 kwa tani. Kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 25 hadi 100, kwa hiyo ngazi za kuchanganya zilizotajwa kwenye udongo hapa ni za lazima kabisa.

*Gharama.* Juu. Bidhaa nyingi huuzwa zikiwa zimechanganywa na udongo, na hapo uulize ni asilimia ngapi ya kipi, usije ukanunua bentonaiti kwa bei ya hamira.

*Panapokwama.* Kutumia bila kujua unapambana na nini. Kwa aflatoksini tupu, unalipa zaidi upate kidogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye kundi kubwa, mahindi ya nyanda za juu zenye baridi na mvua ndefu ambako kuvu wa Fusarium, watoao fumonisini, hustawi, na majibu ya maabara yanayoonyesha fumonisini au mchanganyiko.

Njia ya nne: kununua chakula kilichokamilika

*Sumu ipi.* Inategemea kiwanda. Kinachopima kila lori la mahindi kinaweza kukupa ulinzi ambao wewe huwezi kuujenga nyumbani. Kisichopima kinakuuzia imani.

*Kazi na kipimo.* Kazi yako ni kuuliza na kuhifadhi. Uliza majibu ya aflatoksini ya toleo hilohilo lililoandikwa kwenye lebo, si cheti cha mwaka juzi kilichowekewa fremu. Uliza kifungasumu kimo au hakimo, ili usikirudie ukapita kipimo. Angalia tarehe, na usinunue cha zaidi ya wiki mbili au tatu za matumizi. Stoo: mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta, na bati lisiwe linadondosha jasho asubuhi.

*Gharama.* Bei ya mfuko iko juu kuliko ya kuchanganya, lakini hakuna kukausha, kuchekecha wala kupima.

*Panapokwama.* Katikati ya kiwanda na banda. Chakula kilichotoka salama hukaa kwenye duka lenye sakafu ya saruji isiyo na kichanja, mfuko wa chini ukanyonya unyevu. Fungua mfuko, zamisha mkono hadi kiwiko: ukihisi joto au mabonge, rudisha. Kisha ndani ya banda lenyewe, chakula kinacholowa karibu na vinyweo hugandamana pembeni mwa kihori na kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili. Wanaokila hicho ni haohao kuku wako wa chakula cha bei.

*Inamfaa nani.* Mwenye kuku 100 hadi 300, asiye na stoo, au anayeanza.

Kwa hali yako

Una kuku 200 mjini na unanunua mfuko mmoja mmoja: njia ya nne, na nguvu yako yote ipeleke kwenye kuchagua duka na kukausha mazingira ya vihori. Kifungasumu cha ziada usiweke mpaka ujue kilichomo.

Unachanganya mwenyewe na mahindi yamevunwa mvua za vuli hazijakata: ya kwanza bila mjadala, kisha udongo kwa kilo 2.5 huku ukisubiri majibu. Yakija chini ya 20 kwenye mchanganyiko mzima, unaweza kuutoa kwenye finisha, chakula cha kumalizia. Wa stata, chakula cha kuanzia, usiutoe, maana kifaranga ndiye anayeumia upesi.

Mahindi umeshayanunua, yamesagwa tayari na mwenye mashine, hujui yametoka wapi: kuchambua kumepita. Pima. Kati ya 20 na 50, udongo kilo 5, na uyapunguze kwa mahindi mengine yaliyopimwa. Zaidi ya hapo, usiwape kuku wa nyama.

Udongo unatumia vizuri na kuku bado wanadumaa, figo zimevimba na kupauka au kuna vidonda mdomoni: unapambana na okratoksini au T-2, na kuongeza udongo hakutasaidia. Peleka chakula maabara kipimwe sumu zaidi ya aflatoksini, ndipo uamue kuhusu njia ya tatu.

Na kama kundi limeshaanza kupauka leo, suala la kuchagua liache kwanza. Toa chakula chote kilichomo, weka kilo 1 kwenye mfuko wa karatasi, andika tarehe na namba ya toleo, weka pakavu. Osha vihori, viache vikauke juani, ulishe cha chanzo kingine siku hiyohiyo, na uongeze vitamini kwenye maji. Wapeleke kwa daktari wa mifugo kuku wawili waliokufa karibuni, pamoja na ule mfuko wa karatasi.